Nuru Laini kwa Picha za Vitu Vidogo

Apigaye picha ya kijiko kwa taa ya flashi aghalabu hupata vitu viwili asivyovitaka: doa jeupe liwakalo juu ya chuma, na kivuli cheusi chenye ukingo mkali ubavuni. Dawa inayojulikana ni kutundika kitambaa cheupe, kwa mfano bafta, kati ya taa na kijiko. Wengi hudhani kwamba kitambaa huipunguza nuru nguvu, na kwa hiyo huwa laini. Sivyo. Nuru ikipunguzwa nguvu, picha huwa na giza tu. Kazi ya kitambaa ni kuitawanya nuru, hata kitambaa chenyewe kikawa ndiyo taa, tena taa pana.

Upana huo waweza kupimwa. Tuseme ukingo wa kitu uko sentimita 2 juu ya meza. Taa tupu ya upana wa sentimita 5, ikiwa meta 1 juu ya ukingo huo, hutoa kivuli chepesi cha milimita 1 tu baina ya giza na mwanga. Kitambaa cha sentimita 60, kilichoangazwa chote na kuwekwa sentimita 60 juu yake, hutoa sentimita 2. Kitambaa hichohicho kikisogezwa hadi meta 3, kivuli chepesi hurudi kuwa milimita 4. Ndiyo sababu jua, lenye kipenyo cha kilomita milioni 1.4, hutoa vivuli vikali: liko umbali wa kilomita milioni 150. Likifunikwa na mawingu, anga zima huwa kitambaa.

Doa la kwenye kijiko halifutiki. Hutandazwa likawa mng'ao mpana, kwa kuwa chuma ni kioo nacho huonyesha kitambaa.

Lakini nuru nyingi hupotea kitambaani. Mpiga picha akilipanua tundu la lenzi ili kufidia, sehemu ya mbele au ya nyuma ya kitu hupoteza uwazi wake. Akiisogeza taa karibu mno na kitambaa, huangazwa katikati tu, na faida ya upana hupotea.

Tena si kila kitu kinachotaka nuru laini. Maandishi ya sarafu kuukuu za shaba za masultani wa Kilwa, yaliyokwisha kulika, husomeka kwa vivuli vyake vidogo. Hapo kitambaa huondolewa, na taa tupu hulazwa chini ubavuni mwa sarafu.