Kazi ya Mwanasaikolojia katika Kutibu Uraibu

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, ukiwauliza wanafunzi wa hapa wangependa kuwa nani baadaye, utasikia daktari, rubani, wakili. Mwanasaikolojia hatajwi kamwe. Ajabu ni kwamba sisi wa Asumbi tuna kituo cha kutibu uraibu wa pombe na dawa za kulevya papa hapa. Wengi wetu tunalijua lango tu.

Kwanza tusichanganye mambo. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari, na anaweza kumwandikia mgonjwa dawa. Mwanasaikolojia hadungi mtu sindano. Chombo chake ni mazungumzo. Hata hivyo wawili hao hutegemeana. Mlevi wa miaka mingi akikatiwa pombe ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kushikwa na kifafa na kufa. Kwa hivyo wale wanaomfungia mzee nyumbani eti "ataacha tu" wanacheza na maisha yake. Siku hizo za kwanza ni za daktari na wauguzi. Mwili ukishatulia ndipo mwanasaikolojia anaingia.

Anaanza vipi? Sisi tumezoea kugombeza: "Huoni aibu? Watoto wanalala njaa!" Mnamo 1983, mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye William R. Miller aliandika juu ya njia tofauti ya kuzungumza na walevi. Mtu akisukumwa hujitetea, na kadiri anavyojitetea ndivyo anavyozidi kuamini kuwa hana shida. Basi mtaalamu huuliza, kisha husikiliza. Tuseme mgonjwa ni mvuvi wa Homa Bay. Ataulizwa, "Baba, chang'aa inakusaidia nini?" Swali la ajabu, sivyo? Lakini mvuvi atajibu kwamba inamtoa baridi ya usiku ziwani na kumsahaulisha mambo fulani. Kisha, "Na imekuchukulia nini?" Hapo atataja mwenyewe: nyavu alizouza, karo ya binti yake. Sababu ya kuacha ikitoka kinywani mwake ina nguvu kuliko mahubiri yetu sote.

Baadaye hutafuta vichocheo. Mvuvi hushika pesa taslimu kila siku, na njia ya kwenda nyumbani inapita kwa mama pima. Nani atamwekea pesa? Apitie wapi jioni? Wenzake wakimwita, atawajibu nini? Yaonekana mambo madogo, lakini kwa maoni yangu kazi yenyewe iko hapo. Vituo vingi hutumia pia Hatua 12 za chama cha AA, kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, ambapo walevi wenyewe hukutana na kusaidiana.

Mke na watoto nao huitwa, maana nyumba iliyozoea kuishi na mlevi haijui kuishi na asiyelewa.

Matibabu aghalabu huchukua takriban miezi 3 na gharama si mchezo. Kuna jamaa huuza ng'ombe. Halafu mtu anarudi nyumbani na kunywa tena, na watu wanasema pesa zimepotea bure. Wataalamu wa Marekani hukadiria kuwa kati ya watu 100 waliotibiwa, 40 hadi 60 hurudia, karibu sawa na wagonjwa wa shinikizo la damu. Mbona mgonjwa wa presha haitwi mtu asiye na shukrani? Kurudia ni hatari kweli: Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupewa tarehe ya kumwona mshauri wake hata baada ya kutoka kituoni.

Anayeitaka kazi hii ahitaji angalau C+ ili asomee shahada ya saikolojia chuo kikuu, kisha afanye mazoezi chini ya msimamizi. Sheria ya mwaka 2014 inamtaka asajiliwe. Lugha nayo isidharauliwe: wagonjwa hutoka kila pembe ya nchi, na asiyejua Dholuo ataeleza uchungu wake kwa Kiswahili.