Mkataba Tulioukubali Bila Kuusoma

Mtu afikapo Kibaigwa wakati wa mavuno husikia kelele za makuli na kuona malori kando ya barabara kuu iendayo Dodoma. Lakini sehemu kubwa ya biashara yapita kimya, katika simu. Dalali hutuma bei ya gunia, mkulima picha ya mahindi yake, dereva sauti ya kusema amekwisha kupita Gairo. Hayo yote yapita katika WhatsApp, na kila mmoja wao, kabla ya kutuma neno lake la kwanza, alifunga mkataba na kampuni ya Marekani.

Ni wangapi waliousoma? Sisi wenyewe, ambao kusoma ndiyo kazi yetu, twakiri kwamba tulibonyeza neno la kukubali kama wengine na kuendelea na shughuli zetu.

Sasa tumeusoma. Wasema kwamba maneno na picha za mtu hubaki mali yake. Walakini papo hapo mtu huyo huipa kampuni ruhusa ya dunia nzima, isiyo na malipo, ya kuzitumia, kuzinakili na kuzisambaza, na hata kuihamishia kampuni nyingine ruhusa hiyo. Ruhusa hii ina mpaka, nao ni kuendesha huduma yenyewe. Maana picha haiwezi kufika Dar es Salaam bila mtambo kuinakili njiani.

Wako watakaokumbuka hapa habari ya Mangungo wa Msovero, kule Usagara, ng'ambo ya milima yetu hii, ambaye mwaka 1884 alitia alama katika karatasi ya Karl Peters, na nchi ikahesabiwa kuwa ya Wajerumani. Mfano huo tusiutumie ovyo. Mangungo aliwekewa karatasi ya lugha asiyoijua na mtu aliyekuja kwa hila. Sisi karatasi tunayo mfukoni mchana na usiku, na twaweza kuifungua tutakapo. Kwa hiyo sehemu ya lawama ni yetu.

Yafaa pia tuseme kweli juu ya siri. Tangu mwaka 2016, barua za WhatsApp hufungwa kwa kufuli ambayo kampuni yenyewe haina ufunguo wake. Lakini bahasha yaonekana: namba yako, chombo unachotumia, na saa ulizokuwapo. Nayo nakala ya akiba iwekwayo nje ya simu haipati kufuli hiyo mpaka mwenyewe aiwashe. Kadhalika, mfanyabiashara aandikiapo kampuni kubwa, kampuni hiyo yaweza kuajiri nyingine izitunze barua zake. Jambo hili lilikuwa moja ya yale yaliyozusha ghasia mwaka 2021, masharti mapya yalipotangazwa mwezi Januari, na watu wakahama kwa mamilioni hata tarehe ikasogezwa mpaka Mei 15. Wengi walikimbilia Telegram, wasijue kwamba huko mazungumzo ya kawaida hayana kufuli ya namna hiyo, isipokuwa yale ya siri ambayo mtu huyafungua kwa makusudi.

Lililotuudhi kuliko yote ni sharti la mashauri. Mtu wa Ulaya ana mkataba wake na kampuni iliyoko Ireland. Kuli wa Kibaigwa, akidhulumiwa, aambiwa aende mahakama za California, kwa sheria za California! Nauli ya kwenda Kongwa tu huihesabu mara mbili.

Lakini mambo haya si lazima yaishie hapo. Mwezi Julai 2024 serikali ya Nigeria iliitoza Meta, mwenye WhatsApp, faini ya dola milioni 220, na Aprili 2025 baraza la rufani likaithibitisha. Mwezi huohuo Mahakama Kuu mjini Nairobi ilisema inayo mamlaka ya kusikiliza shauri juu ya Meta lililoletwa na Waethiopia. Nasi Ibara ya 16 ya Katiba yetu yalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Na Tume yake ilizinduliwa Aprili 3, 2024. Mlango wa kulalamikia upo nchini.

Bado yuko mtu ambaye hakubonyeza chochote. Kuli apigwa picha akiwa na gunia mgongoni, na picha yaingia katika kundi liwezalo kuwa na watu 1,024. Bibi yake kijijini ana simu ndogo ya vitufe, lakini mjukuu aruhusupo programu kusoma orodha ya majina, namba ya bibi nayo hupelekwa, ingawa kampuni yasema huibadili isimtambulishe. Kwa watu hawa nani aliulizwa?

Twaiomba Tume ifike sokoni Kibaigwa wakati wa msimu, iwakute watu penye mizani, na iwaeleze kwa Kiswahili chepesi wapi pa kupeleka lalamiko na kwa njia gani. Uongozi wa soko nao ubandike maelezo hayo mahali nafaka ipimwapo, kwa herufi kubwa zisomekazo na mtu mwenye gunia kichwani.