Kompyuta yasaidia kujua dawa itamfaa nani

IKIWA wewe ni mwanamume wa miaka 50 au zaidi, bila shaka umesikia juu ya saratani ya tezi dume, tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mkojo. Saratani hii yaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kukusumbua. Yaweza pia kuenea hadi kwenye mifupa na kuua. Kazi ngumu ya daktari ni kujua yako itafuata njia gani.

Kwa kawaida, daktari hupima kiwango cha PSA katika damu na kuchunguza ikiwa ugonjwa umesambaa. Kisha mtaalamu wa maabara hutazama vipande vya tezi kwa hadubini na kuvipa alama za Gleason. Hata hivyo, wagonjwa wawili wenye majibu sawa huweza kuishia pabaya mmoja, mwingine akapona.

Hapa ndipo akili unde inapoingia. Mnamo Mei 2025, watafiti wa Uingereza walitangaza matokeo ya kompyuta iliyofundishwa kusoma picha za vipande hivyo. Picha zilitoka kwa wanaume zaidi ya 1,000 wa utafiti uitwao STAMPEDE. Saratani yao ilikuwa ya hatari kubwa, lakini haikuwa imesambaa mwilini.

Kompyuta iliwagawa makundi mawili. Katika kundi la kwanza, robo ya wagonjwa, kuongezewa dawa ya abirateroni kulipunguza vifo katika miaka 5 kutoka 17 hadi 9 kwa kila watu 100. Kwa waliosalia, vifo vilitoka 7 hadi 4, tofauti ndogo ambayo huenda ilitokea kwa bahati tu. Hao matibabu ya kawaida yaliwatosha.

Kwa nini ujali? Abirateroni huzuia mwili kutengeneza testosteroni, homoni inayolisha saratani hiyo. Lakini yaweza kupandisha shinikizo la damu, kudhuru ini na kusumbua moyo. Kumeza dawa isiyokusaidia ni kujitafutia madhara na kumaliza pesa bure.

Usidhani kompyuta ni mpiga ramli. Haijui siku yako ya kufa. Hulinganisha tu tezi yako na za wengi waliokutangulia. Tena STAMPEDE ilifanywa Uingereza na Uswisi. Kabla ya kuitegemea Nairobi au Kisumu, yafaa ijaribiwe kwa picha za wagonjwa wa huku.

Ukiambiwa una saratani hii, muulize daktari: Alama zangu za Gleason ni ngapi? Ugonjwa umesambaa? Dawa hii itanipunguzia hatari kwa kiasi gani? Mweleze pia ikiwa una shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, na uhifadhi ripoti zako zote za maabara.

Na kama baba au ndugu yako aliwahi kuugua, usingoje dalili. Saratani hii inapoanza, mara nyingi haina dalili yoyote. Zungumza na daktari mapema kuhusu kupimwa.