Tairi Jipya kwa Pikipiki Kuukuu

Hapana shaka kwamba wengi wa wasomaji wetu, wapiganaji na askari polisi, wamepata kukabidhiwa pikipiki iliyoanza kazi kabla wao hawajavaa sare. Injini yake hutunzwa, mnyororo hutiwa mafuta kila juma, lakini tairi hukumbukwa siku linapoishiwa upepo njiani.

Sisi wenyewe, tulipokuwa luteni usu, tulitumwa mjini kununua tairi la nyuma la pikipiki ya tarishi wa kikosi. Tulichagua lenye meno marefu kuliko yote dukani, tena kwa bei nafuu, tukarudi tukijisifu. Baada ya wiki chache, katika mteremko wa changarawe, ubavu wa tairi hilo ulipasuka pamoja na tyubu yake. Koplo aliyekuwa akiendesha alivunjika mtulinga, na kwa miezi mitatu hakuweza kuweka bunduki begani. Katika ripoti tuliandika kuwa barabara ilikuwa mbovu. Koplo hakubisha; alitoka hospitalini mkono ukiwa shingoni, akatuonyesha kipande cha tairi chenye tarakimu nne tusizozisoma siku ile ya kununua.

Tarakimu hizo, ambazo hupatikana ubavuni mwishoni mwa maandishi ya DOT, ndizo umri wa tairi. Kwa matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka; 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani bila kukanyaga barabara: hukauka, hukakamaa, kisha hufanya nyufa. Kwa hiyo meno marefu si ushahidi wa uzima. Bonyeza kwa ukucha, kunja ubavu, chungulia kati ya meno.

Jambo la pili ni kipimo. Tuchukue Honda XL185S, pikipiki ya mwisho wa miaka ya 1970. Mbele hutumia 2.75-21 na nyuma 4.10-18: tarakimu ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Siku hizi madukani huonekana zaidi vipimo vya milimita, na badala ya 2.75-21 mnunuzi hupewa 80/90-21. Hilo halina ubaya. Ubaya uko kwa kijana anayevutiwa na 4.60-18, ambalo ni la ndugu yake mkubwa XL250S, akidhani unene ni nguvu. Tairi likizidi rimu hubanwa, umbo lake huharibika, na huweza kusugua mnyororo. Unene huo ni wa kujivunia mbele ya kantini tu.

Isisahauliwe pia alama ya uzito. Namba 59 huashiria kilo 243 na 45 huashiria kilo 165. Herufi P inayofuata ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Askari wawili, silaha zao na mzigo wa doria hulemea zaidi gurudumu la nyuma, basi usikubali namba iliyo chini ya ile iliyoagizwa na mtengenezaji.

Rimu za spoki za pikipiki hizi huhitaji tyubu, hata kama tairi limeandikwa kuwa halihitaji, kwa sababu upepo hupenya penye spoki. Nunua tyubu mpya pamoja na tairi. Yenye viraka iachwe. Mshale wa ubavuni uelekee mzunguko wa gurudumu. Kilomita 150 za mwanzo zipitwe kwa utaratibu, kwani uso wa tairi jipya huteleza.

Koplo yule sasa ni sajenti na ndiye mtunza ghala. Hatii sahihi ya kupokea tairi lolote kabla hajavaa miwani akazisoma tarakimu zile nne, hata tairi hilo likiletwa na sisi.