Kansa ya Hodgkin: Kampala ilionyesha kwamba dawa bila mionzi zinaweza kuponya

Kijana anavimba shingoni. Uvimbe haumuumi. Usiku anatokwa jasho mpaka shuka linalowa, homa inakuja na kwenda, kilo zinapungua. Kivu na Ituri, wengi wanafikiria kwanza kifua kikuu, na si ajabu: dalili zinafanana. Lakini kama dawa za kifua kikuu zinamezwa miezi na uvimbe haupungui, kuna ugonjwa mwingine wa kutafuta: limfoma ya Hodgkin, kansa ya tezi inayowapata sana vijana.

Thomas Hodgkin, mganga Mwingereza, aliieleza mwaka 1832. Kwa zaidi ya miaka mia moja, aliyeipata alihesabiwa kuwa mtu wa kufa. Leo, katika nchi tajiri, zaidi ya wagonjwa 80 kwa 100 wanapona.

Mionzi ndiyo ilifungua njia. Miaka ya 1960, waganga wa Marekani walichanganya dawa nne, wakaziita MOPP. Ziliponya, lakini ziliwaacha wanaume wengi bila uwezo wa kuzaa. Miaka ya 1970, Gianni Bonadonna wa Milan, Italia, alileta mchanganyiko mwingine, ABVD, usioharibu uzazi kiasi hicho. Ungali unatumiwa sehemu nyingi za dunia: dawa zinapitishwa kwenye mshipa kila wiki mbili. Ugonjwa ukiwa umeenea, matibabu yanachukua karibu miezi sita. Ukishikwa mapema, muda ni mfupi zaidi, na mara nyingi mionzi inafuata.

Na pasipo mashini ya mionzi? Jibu lilitoka kwa jirani. Taasisi ya Kansa ya Uganda ilianza Mulago, Kampala, mwaka 1967. Mionzi haikuwako, basi Charles Olweny na wenzake waliwatibu watoto kwa MOPP peke yake. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1978, yalionyesha kwamba wengi wao waliishi. Leo nchi tajiri zenyewe zinapunguza mionzi kwa watoto, kwa kuogopa kansa nyingine na magonjwa ya moyo miaka ya mbele.

Dawa mpya zipo pia, kama brentuximab na nivolumab, na zinaongeza matokeo mazuri. Bei yake ingali mbali na mfuko wa familia nyingi za kwetu.

Kwa hiyo kinachookoa kwanza ni kuwahi. Mganga anapaswa kukata tezi au kipande chake na kukipeleka maabara. Maji yaliyovutwa kwa sindano nyembamba mara nyingi hayatoshi. Kipimo cha ukimwi kinahitajika pia, kwa sababu virusi hivyo vinaongeza hatari ya kansa hii.

Kisha kumaliza. Baada ya sindano chache, uvimbe unaweza kuyeyuka, homa ikakatika, hamu ya kula ikarudi. Hapo ndipo mgonjwa aliyekwisha kuuza mbuzi na shamba anashawishika kubaki nyumbani. Lakini shingo kulainika si kupona. Kansa iliyoachwa nusu njia inaweza kurudi, na ikirudi, kuitibu kunakuwa kugumu na ghali zaidi.