Greenland na Gharama ya Uhuru

Aghalabu dhana za kujitawala na uhuru huchukuliwa kuwa visawe. Kisa cha Greenland chabainisha kwamba sivyo. Kisiwa hiki, kikubwa kuliko vyote duniani, kina wakazi wapatao 57,000 tu, wengi wao wakiwa Wainuti. Kilikuwa koloni la Denmark hadi 1953, kilipogeuzwa kuwa sehemu ya dola hiyo. Mnamo 1979 kilipata serikali ya ndani. Katika kura ya maoni ya Novemba 2008, takriban asilimia 75 ya wapigakura waliunga mkono mamlaka mapana zaidi, na Sheria ya Kujitawala ikaanza kutekelezwa tarehe 21 Juni 2009.

Huu si ugatuzi wa aina ya kaunti za Kenya. Sheria hiyo inawatambua wenyeji kuwa watu wenye haki ya kujiamulia hatima yao. Lugha yao, Kalaallisut, ikawa ndiyo pekee iliyo rasmi, jambo ambalo mpenzi wa Kiswahili hawezi kulipuuza. Isitoshe, kifungu cha 21 kinaeleza bayana njia ya uhuru: wananchi waamue, serikali mbili zijadiliane, kisha mapatano yaidhinishwe kwa kura ya maoni kisiwani na kuridhiwa na Bunge la Denmark.

Kikwazo ni fedha. Denmark hutoa ruzuku ya kila mwaka, iliyowekwa kuwa krona bilioni 3.4 kwa bei za 2009, nayo hugharimia karibu nusu ya matumizi ya serikali ya kisiwa. Idara yoyote ambayo Greenland inaitwaa tangu hapo hulazimika kuigharimia yenyewe, bila nyongeza. Si ajabu kwamba polisi na mahakama zimesalia mikononi mwa Denmark. Aidha, mapato ya madini yakizidi krona milioni 75 kwa mwaka, nusu ya ziada hiyo hukatwa katika ruzuku. Kwa mujibu wa hesabu hii, wengi waliamini kuwa machimbo ndiyo yatakayounua uhuru.

Lakini huko Kvanefjeld, karibu na mji wa Narsaq, madini adimu yamechanganyika na urani. Uchaguzi wa Aprili 2021 ulitawaliwa na suala hilo. Chama cha Inuit Ataqatigiit, kilichoupinga mradi huo, kilishinda, na Novemba mwaka huo Bunge la kisiwa likapiga marufuku uchimbaji wa urani. Ikumbukwe kwamba chama hicho chenyewe hupigania uhuru. Mzigo wa kuugharimia ukabaki kwa samaki, ambao ndio sehemu kubwa mno ya bidhaa ambazo kisiwa huuza nje.