Kabla Hujanunua Giaboksi, Pima Waya

Mashine ya kusomea makosa ya gari haikutajii kifaa kilichokufa. Inakuonyesha sehemu ambayo kompyuta ya gari haipati taarifa zake sawasawa, basi. Ni kama homa: inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa kitu kingine, ndiyo maana zahanati wanapima kwanza. Kwenye magari wengi wetu tunasoma namba ya kosa na kukimbilia dukani.

Jambo hili lilitaka kuondoka na ada yangu. Mjomba wangu anabeba abiria kati ya Bagamoyo na Makurunge, pale njia ya Saadani inapochepuka kutoka barabara ya Msata. Gari lake likaanza vituko: mshale wa spidi unaanguka sifuri na kurudi, gia zinaingia kwa kishindo, mwisho likang'ang'ania gia moja. Fundi mmoja akasema giaboksi imekwisha, itafutwe nyingine. Hela iliyokuwepo nyumbani ilikuwa ya chuo. Nikaomba tupime kwanza.

Tuanze na kazi ya sensa yenyewe. Giaboksi ya otomatiki ina shafti inayopokea mzunguko kutoka kwa injini na nyingine inayoupeleka kwenye matairi. Magari mengi yana sensa kila upande. Meno ya gurudumu la chuma yakipita mbele ya sensa, kila jino linatoa mpigo mdogo wa umeme, na kompyuta inahesabu. Shafti ya kuingia ikizunguka mara 3,000 kwa dakika na ya kutoka mara 1,500, uwiano ni 2 kwa 1. Hapo kompyuta inajua gia iliyoingia na kama inateleza. Hesabu ya upande mmoja ikipotea, inajilinda kwa kubaki kwenye gia moja. Kwenye Toyota nyingi taa ya O/D OFF nayo huanza kuwaka na kuzima.

Sasa upimaji. Kwanza, angalia oili ya giaboksi. Ikiwa pungufu au imeungua, gia zinaweza kuteleza hata sensa ikiwa nzima. Dalili ya kuteleza ni injini kupiga kelele huku gari haliongezi mwendo.

Pili, soma namba. P0715 na zinazoifuata zinahusu sensa ya upande wa kuingia, P0720 na zinazoifuata ni upande wa kutoka, P0500 ni spidi ya gari. Kama mashine inaonyesha vipimo vya papo hapo, mtu mmoja aendeshe, mwingine asome. Sensa inayosema sifuri wakati matairi yanazunguka imejitaja yenyewe, au waya wake.

Tatu, zima gari, chomoa soketi ya sensa uitazame. Huku kwetu pwani hewa ya chumvi inakula shaba, na matope ya njia za mashambani yanamalizia kazi. Ukiona unga wa kijani, umepata mshukiwa.

Nne, chukua multimita. Sensa ya waya mbili mara nyingi huwa ni koili: pima ohmu kati ya pini zake. Kwa kawaida utapata mia kadhaa, ila kipimo kamili kipo kwenye kitabu cha gari husika. Ikionyesha njia imekatika kabisa, koili imekufa. Ikikaribia sifuri, imepiga shoti. Pima ikiwa ya baridi, kisha ya moto, maana nyingine hukatika zikipata joto. Sensa ya waya tatu haipimwi hivyo: washa swichi, hakikisha umeme unafika na waya wa ardhi uko sawa, halafu angalia kama ishara inabadilika tairi likizungushwa.

Tano, pima waya kutoka kwenye soketi hadi kwenye kompyuta, huku ukiutikisa.

Kwa mjomba, sensa ilikuwa nzima. Waya ulikatika ndani ya ganda lake karibu na soketi, shaba imegeuka kijani, ukitikiswa unashika na kuachia. Fundi umeme alikata kipande kibovu, akaunga kwa risasi na kuziba maji yasiingie. Malipo hayakufika hata nauli yangu ya kurudi chuo. Gari linabeba abiria, na ada ililipwa.

Wakati mwingine giaboksi inakuwa imekufa kweli. Chomoa sensa: ikija na vumbi laini la chuma, ifute uirudishe, ikija na vipande vya chuma, ugonjwa uko ndani.

Basi ukiambiwa nyumbani kwamba sensa au giaboksi inunuliwe, muulize fundi mambo matatu: namba gani imesomwa, sensa imetoa kipimo gani, na waya umepimwa hadi wapi? Akikosa majibu, hela ibaki mfukoni kwanza.